Asali kwa Aurélie

Kila alipotoka shuleni, Hana alivua sare, akala kiporo cha ugali, kisha akashika ndoo kwenda kisimani. Tangu mama yake ajifungue, kulikuwa na nepi za kufua pia. Hakulalamika. Alikuwa ametamani mdogo wa kike kwa muda mrefu, na sasa alikuwa naye, mashavu tele na sauti ya kuamsha kijiji kizima.

Mtoto huyo hakuwa na jina bado. Baba yake Hana, mzee Malale, alihamia karibu na Inyonga na ng'ombe wake kutoka Usukumani, na desturi za kwao alikuja nazo. Kitovu cha mtoto kikishaanguka, bibi humpakata anapolia na kutaja majina ya wazee wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake.

Hana alikuwa na mpango wake. Darasani kwao kulikuwa na Hana watatu. Mwalimu akiita, wote husimama na darasa huangua kicheko. Alichukia jambo hilo kuliko hesabu za sehemu. Alitaka mdogo wake awe na jina la peke yake, kama la yule mwanafunzi mgeni kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba, Aurélie. Kijijini kwao hakuna aliyewahi kuitwa hivyo.

Siku ya kumpa mtoto jina, Bibi aliketi mkekani, mtoto analia.

"Kabula!" Bibi aliita. Mtoto akalia zaidi. "Minza! Holo!" Wapi!

"Bibi umechoka, nipe nimpakate," Hana alisema. Kidole chake alikuwa amekichovya kwenye kopo la asali la baba yake, akakificha ndani ya kanga. "Jaribu Aurélie."

"Huyo ni nani kwenye ukoo wetu?"

"Jaribu tu, Bibi."

Bibi akampa mtoto, kisha akalitamka jina kwa shida. Chini ya kanga, Hana akampa mtoto kidole anyonye. Kimya! Baba akapiga makofi, Mama akacheka mpaka machozi. Hana naye alicheka, ingawa hakuweza kumtazama Bibi usoni.

Ili mtu yeyote asitie shaka, kila mara mtoto alipolia Hana alikimbia, akamwita "Aurélie!" na kumlambisha asali kwa siri, mara nyingine ametoka tu kuokota kuni.

Wiki haikuisha, Aurélie akaanza kuharisha. Alikataa ziwa. Macho yakadidimia na ile sauti kubwa ikawa mnong'ono. Baba alichukua ufunguo wa pikipiki, lakini Bibi akamzuia.

"Subiri kwanza, Malale. Hili si tumbo. Kosa ni langu mimi. Nimetaja jina la watu tusiowajua, wazee wametugeuzia mgongo. Tumtafutie jina jingine, atapona."

Bibi alilia waziwazi, akijifuta kwa pindo la kanga. Hana hakuwahi kumwona akilia. Baba akaurudisha ufunguo mfukoni.

Hana alimtazama mtoto. Akisema, atachapwa, na jina litafutwa. Akinyamaza, watakaa hapo wakitaja majina huku mtoto anaisha.

"Si wazee!" alipiga kelele. "Ni mimi! Nilimpa asali ndipo akanyamaza. Nimempa kila siku, hata mikono sikunawa."

"Mayu wane, mama yangu!" Bibi alishika kichwa.

Baba alichomoa ufunguo. Alitoka, pikipiki ikanguruma, Mama akapanda nyuma na mtoto kifuani.

Kwenye kituo cha afya, nesi alipoambiwa habari ya asali alianza matibabu mara moja. "Mmefanya vizuri kusema ukweli na kuja leo," alimwambia Mama. "Mngechelewa, tungempoteza. Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Asali asionje mpaka atimize mwaka, na nyie wote mnaomshika mnawe kwa sabuni."

Siku waliyorudi nyumbani, Hana alipiga magoti mbele ya Bibi.

"Nisamehe, Bibi. Mpe jina jingine. Nikilisikia hili naona aibu."

"Hapana," Bibi alijibu. "Jina halijamkosea mtu. Litabaki. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Tulimuuliza mtoto, ukajibu wewe. Asiyeweza kusema hasemewi uongo, maana atakayeumia ni yeye. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajabeba kosa lako. Mimi nililibeba lako, nikaona nimemuua mjukuu wangu."

Hana alilia kwa kwikwi. Bibi alimwacha alie, kisha akamsukuma begani.

"Haya, nenda ukanawe, uje umpakate."

Alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Alipompakata mdogo wake, mtoto akaanza kulia.

"Aurélie," alimwita taratibu. "Aurélie."

Mtoto hakunyamaza hata kidogo. Alilia kwa sauti yake yote, ile ya kuamsha kijiji, na Hana akamsikiliza huku anatabasamu, mpaka Mama alipokuja kumnyonyesha.