Mvuvi wa Ishirini na Tatu

Wavuvi waliopimiwa samaki wao Kabuta mwaka 1998 walikuwa ishirini na wawili. Kompyuta ilihesabu ishirini na watatu.

"Pengine uliacha nafasi nyuma ya jina moja," alisema Patson, mtakwimu wa mradi wa uvuvi pale Nchelenge, ambaye aliiamini kompyuta kuliko alivyomwamini mchungaji wake. "Iyi mashini ikiona nafasi, inazania ni mutu mwingine."

Fidélie, aliyeingiza majina, alitafuta asubuhi nzima. Nafasi hakuiona. Kwenye orodha alimwona Sampa, aliyezama ziwani Februari, kabla kipimo cha kwanza hakijafanywa, na samaki wake wa Machi, wa Aprili, hata wa Juni. Aliogopa, kisha akaelewa, akaogopa zaidi.

"Ba Patson," alinong'ona, "ni bwana yangu. Sampa alikuwa mujomba yake. Kiisha matanga, familia ilimurizisha jina ya mujomba, njo mila. Bapimaji banaandika Sampa. Miye kwenye karatasi zingine niliandika Nsama. Siwezi kumwita bwana yangu jina ya maiti."

Patson akafurahi: kosa limepatikana. Programu ilitakiwa kukadiria wastani wa samaki wa wavuvi wote, kisha impe kila mmoja tofauti yake, juu au chini ya wenzake. Akageuza kila Sampa kuwa Nsama, akabonyeza.

Jibu halikupatikana. Akapunguza hiki, akabadilisha kile, akaongeza mizunguko mpaka elfu. Kila mara programu ilikataa, na kila mara tofauti ya Nsama ilizidi kusogelea sifuri, huku chumba kikianza kunuka wavu uliolowa siku nyingi, ingawa madirisha yalikuwa wazi na jua la saa saba lilikuwa kali, na ndani ya kompyuta, pale feni inapovuma, mtu akasikika akipumua maji.

"Tugeuze upande mwingine," Patson alinong'ona bila kumtazama. "Kila Nsama tuandike Sampa."

"Hapana, ba Patson. Ukifuta Nsama, bwana yangu atabakia wapi?"

"Ni jina tu, ba Fidélie. Ripoti inangojewa Lusaka kesho."

Fidélie alimshika mkono, lakini kidole kilikwisha kubonyeza. Jibu likaja papo hapo, safi: wavuvi ishirini na wawili. Harufu ikakatika. Patson akashusha pumzi, akaanza kuchapa.

Fidélie alipakiwa kwenye baiskeli ya mchuuzi wa samaki mpaka Kabuta. Alisali njiani, na sala zilimwishia kabla ya njia.

Mumewe alikuwa ameketi mlangoni kwao, mzima, nguo zake kavu. Fidélie alitaka kulia kwa furaha.

"Nsama."

Hakugeuka.

"Nsama, ni miye."

Ndipo alipoinuka, akashusha macho na kurudi nyuma hatua mbili, kwa heshima ambayo mkwe humpa mke wa mpwa wake, asije akamkaribia.

"Mukamwana," aliuliza kwa upole, "bwana yako eko wapi?"