Transfoma ya Makongolosi

"Mwizi wa usiku ni mjinga," Halfani alisema. "Sisi tunaiba mchana kweupe, na watu watatusalimia."

Walikuwa watatu, chumba cha nyuma cha duka lake la spea pale Iyunga, mlango umekomewa. Halfani, mwenye mpango. Vitus, dereva wa lori lenye winchi. Na Gwakisa, aliyewahi kuwa kibarua wa kupanda nguzo za shirika la umeme, kisha akafungwa kwa kuiba nyaya. Mezani kulikuwa na ovaroli na kofia ngumu za shirika. Aliyeziuza ni Liberatus, bosi wa ofisi ya shirika kule wilayani. Kazi yenyewe pia aliiuza yeye: transfoma mpya, ipo juu ya nguzo Makongolosi, haina moto, umeme haujawashwa. Mteja anasubiri Mafinga.

"Haina moto kwa nini?" Gwakisa aliuliza.

"Unataka kujua au unataka kula?"

Gwakisa akachukua ovaroli yake. Hakimu alishamwambia: siku akirudi mbele yake, atatoka jela mzee, hana meno. Lakini njaa haina hakimu.

Makongolosi, saa 4:05 asubuhi.

Gwakisa alipanda nguzo, fimbo ndefu ya mafundi mgongoni, akalegeza boliti ya kwanza. Watu walisalimia kweli. Kisha mama mmoja akatoka kwenye banda la mashine ya kusaga, mashine ambayo haijawahi kusaga hata debe moja. Akaziona zile ovaroli.

"Jamani! Watu wa umeme wamekuja!"

Hapo ndipo Halfani alipokosea hesabu. Mwizi huvaa nguo ya mtu asiyetiliwa shaka. Wao walivaa nguo ya watu waliosubiriwa miezi minane. Kufumba na kufumbua wachimbaji, mama ntilie na waendesha bodaboda walikuwa wamelizunguka lori.

"Nguzo tumelipa," yule mama alisema. Jina lake Yusta. "Kuunganishiwa tumelipa. Mwezi uliopita mmetutoza ya ukaguzi. Mmekagua nini, baba? Giza?"

"Mama, sisi ni mafundi tu," Halfani alisema.

"Ndio tunaowataka. Mabosi tumeshawasikia."

Saa 4:40.

Vitus alitia gia. Akapiga honi, akapenya, akatokomea njia ya Chunya bila kumwangalia mtu. Halfani alidakwa ukosi wa ovaroli.

"Mkubwa wetu yule juu!" akapayuka. "Muulizeni yeye!"

Gwakisa alisikia. Miaka sita wamekula sahani moja.

"Hushuki!" Yusta alimwambia. "Hushuki mpaka umeme uwake. Na bosi wenu tumeshampigia, anakuja."

Gwakisa alipiga hesabu. Akisema yeye ni fundi, hashuki. Akisema ni mwizi, atashushwa kwa mawe, na tairi litafuata. Akatazama huku na huku atoroke vipi. Nyaya zilikuwa zimefika mpaka milangoni kwa watu. Kila kitu kimefungwa, isipokuwa fyuzi tatu zilizoachwa wazi ili umeme usipite. Kazi ya dakika moja. Akaelewa: Liberatus aliwaacha watu gizani makusudi, ili aje aiuze transfoma. Hasira ikampanda, ingawa naye ni mwizi.

Akaikaza ile boliti. Akainua ile fimbo ndefu, akafunga fyuzi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Yusta alikimbilia bandani, akabonyeza swichi. Mashine ikanguruma. Gwakisa alishuka akapokewa kama bwana harusi, akapewa soda. Alitaka kuondoka, lakini hakuachiwa hata hatua moja. Kila mtu alitaka kumshika mkono.

Saa 6:15 mchana.

Gari la shirika lilifika. Akashuka Liberatus na askari wawili.

"Huyu ni wako?" Yusta aliuliza.

Liberatus alimtazama Gwakisa. Akasikia mashine inavyosaga.

"Simjui. Huyo ni mwizi. Na mwenzake huyo."

Gwakisa aliiweka soda chini. Mtu mmoja akaokota jiwe.

Halfani, ambaye siku hiyo hakubakiza mtu wa kumuuza, akanyoosha kidole. "Ovaroli katuuzia yeye! Na transfoma!"

Yusta alimgeukia Liberatus polepole.

"Mwizi amepanda, amefunga fyuzi, umeme umewaka. Wewe miezi minane ulikuwa unafunga nini?"

Aliyeshika jiwe akawa hajui amrushie nani. Askari hawakusubiri aamue. Wakawatia pingu wote watatu, Liberatus naye, na kuwasukumia garini. Gwakisa alibanwa katikati ya hao wawili waliomuuza.

Yusta alikuja dirishani na ile soda iliyobaki, akamshikia chupa anywe.

"Ukitoka, mwanangu, upite hapa. Utakuta umeme unawaka."

Gari likaondoka. Gwakisa alipitisha ulimi kwenye meno yake, jino moja moja, mpaka la mwisho.