Oili Chini ya Usukani

Tluway na mkewe Marsela waliishi Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi. Walilima vitunguu. Mwaka 1979 mvua zilikuwa nyingi. Ziwa likajaa, na kambare wakawa wengi. Kijiji kikapata boti ndogo ya injini. Tluway alichaguliwa kuiendesha kwa sababu aliwahi kuendesha trekta. Marsela alikwenda naye kila asubuhi kutega na kutoa nyavu.

Boti ile ilikuwa na usukani kama wa gari. Tluway akizungusha usukani, pampu ndogo iliyo nyuma yake ilisukuma oili kwenye mipira miwili mirefu iliyofika nyuma ya boti. Huko kulikuwa na silinda, ambayo ndiyo iliyogeuza injini kulia au kushoto. Chini ya usukani, karibu na magoti ya dereva, ilifungwa redio ya upepo ya kuzungumza na zahanati.

Siku moja mwezi wa Juni, Marsela aliteleza ndani ya boti.

"Baba Emiliana, hapa miguuni pako pana mafuta," alisema.

"Ni oili ya usukani. Inavuja kidogo. Nitaongeza."

Akaongeza. Baada ya wiki moja akaongeza tena. Wiki ya tatu oili ikamwishia. Nyumbani alikuwa na kopo la mafuta ya breki yaliyobaki tangu wakati wa trekta. Akayamimina.

"Hayo ni ya usukani?" Marsela akauliza.

"Mafuta ni mafuta. Tutachelewa."

Siku kumi zikapita. Walikuwa mbali na ufuko, upepo wa mchana ukaanza kuvuma. Tluway akazungusha usukani ili warudi. Usukani ulikuwa mwepesi. Akazungusha tena na tena, boti haikugeuka. Mawimbi yakaipiga ubavuni na maji yakaingia.

"Waite zahanati!" Marsela alipiga kelele.

Tluway akachukua redio. Ilikoroma mara moja, ikanyamaza.

Akazima injini. Marsela akakata kamba ya nyavu zilizokuwa zinawavuta upande, nyavu zikaenda na samaki wote. Kisha wakapiga makasia, huku mmoja akiacha kila mara ili atoe maji botini. Walifika ufukoni saa kumi na moja jioni, viganja vimechubuka. Emiliana, binti yao wa miaka sita, alikuwa amekaa kwa jirani tangu asubuhi akiwasubiri.

"Leo mtoto huyu angebaki peke yake," Marsela alisema. "Mimi sipandi boti hiyo tena mpaka tujue ina ugonjwa gani. Na wewe usiipande."

Tluway alijua mkewe amesema kweli.

Jumatatu Marsela alipanda lori la vitunguu kwenda Karatu mjini. Alikwenda kwa Bi Mwamini, aliyeuza vipuri vya magari na ambaye kila mara alinunua vitunguu vyake. Kabla ya kuolewa Karatu, Bi Mwamini alifanya kazi miaka minane katika karakana ya boti ya baba yake, Mwanza. Alisikiliza habari yote.

"Oili ilipokwisha, shemeji aliweka nini?"

"Mafuta ya breki."

Bi Mwamini akatikisa kichwa. "Mafuta hayo yanaharibu sili. Sili ni zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke. Yeye alitaka kutuliza njaa ya usukani, kumbe anaulisha sumu. Nitakuja Alhamisi."

Alikuja na lori lilelile, na mfuko wa spana. Kitu cha kwanza, alifungua nyaya za betri.

"Usiguse kitu cha umeme kabla ya kufanya hivi," alimwambia Tluway. "Sasa futa kila mahali pakauke kabisa. Pampu, mipira, maungio, silinda."

Tluway akafuta. Bi Mwamini akatandika karatasi nyeupe chini ya pampu, chini ya maungio na chini ya silinda.

"Zungusha usukani kulia mpaka mwisho. Ushikilie hapo. Sasa kushoto."

Wakangoja kidogo. Karatasi mbili zilibaki safi. Ile ya chini ya pampu ilikuwa na doa.

"Basi, uvujaji uko hapa," alisema Bi Mwamini. "Umeongeza oili wiki tatu bila kuuliza inatokea wapi. Oili ikipungua, upepo unaingia ndani. Usukani unakuwa laini, mwisho haushiki kabisa. Na tazama ilikokuwa inadondokea."

Tluway akainama. Oili ilikuwa imetiririka juu ya redio. Ganda la nyaya lilikuwa limelainika. Kwenye maungio ya nyaya palikuwa na kutu ya kijani, kwa sababu maji ya Eyasi yana magadi na yanakula shaba.

Kazi ilichukua siku mbili. Walimwaga mafuta yote, wakasafisha, wakabadilisha sili za pampu na za silinda. Bi Mwamini akajaza oili halisi ya usukani. Kisha wakatoa upepo: Tluway alizungusha usukani polepole, Bi Mwamini akalegeza nati kwenye silinda, Marsela akahakikisha oili haiishi juu kwenye pampu. Waliendelea mpaka mapovu yakaisha.

Redio ilikaushwa, ikawekewa nyaya mpya na fyuzi karibu na betri. Waliihamishia pembeni, juu, ndani ya sanduku la mbao.

"Acha waya uning'inie kidogo kabla haujaingia kwenye redio," alieleza Bi Mwamini. "Maji yatadondoka pale chini badala ya kuingia ndani. Vichwa vya betri vifute kwa maji ya kisima yasiyo na magadi, vikauke, upake grisi."

"Niifunge redio kwa nailoni pia?" Tluway aliuliza.

"Hapana. Ndani ya nailoni itatoa jasho. Inahitaji hewa."

Kuanzia hapo, kila asubuhi Marsela alipitisha kitambaa kikavu chini ya pampu na kwenye silinda. Kikitoka safi, waliondoka.

Mwezi wa Agosti upepo ulipindua mtumbwi wa wavuvi wawili. Tluway aliwaona, akageuza boti. Usukani ulitii mara moja. Walipowafikia, yeye aliinama kuwavuta, na Marsela akashika usukani, akaizuia boti isipigwe ubavuni. Kwa mkono mwingine akachukua redio.

"Zahanati, tunaleta watu wawili. Mmoja amekunywa maji mengi."

"Tumekusikia, mama. Tunakuja ufukoni."

Wote wawili walipona. Katika mkutano wa kijiji uliofuata, mwenyekiti alisema boti inahitaji dereva wa pili, akauliza nani anaweza.

Tluway akasimama. "Andikeni Marsela," alisema. "Yeye aliyaona mafuta siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nayakanyaga."