Chekeche na Uso wa Bi Tunu

Kwa maneno ya Bi Mgeni, ukurasa wa harusi ya mjukuu wake ulifunguka kabla hajaugusa. Aliapa kabisa. Eti alikuwa anainama kuvua ndala tu, na alipoinua kichwa bibi harusi alikuwa keshajaa kwenye kioo, hina mpaka viwikoni, na nyuma yake pilau inafuka moshi.

"Nasema uongo? Muulizeni paka wangu, alikimbia!" alisema, akiwa amesimama mlangoni kwa Hidaya na sahani ya vileja vya shukrani. "Zamani nilikuwa naufungua, naenda kuosha vyombo, narudi, ndiyo kwanza umefika kwenye kilemba cha bwana harusi."

Hidaya alicheka, akapokea sahani. Chumvi ilikuwemo katika maneno hayo, lakini si nyingi. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza kurasa wa mtaa wao wa Ngamiani, katika Tanga ya miaka hiyo, Tanga ambayo mkonge wake ulisokotwa kamba za kupandishia mizigo angani, na vijana wake wengi walikuwa na kazi Mwezini. Kila familia ilikuwa na ukurasa wake wa picha, na kila ukurasa ulikuwa mzito, kwa sababu watu wa mtaa ule hawakujua kuweka picha moja ikatosha. Ukiufungua, unangoja. Ndipo ikaja Chekeche.

Chekeche ilikuwa mashine ya kuzipunguzia picha uzito. Haikuzififisha zote sawasawa kama zilivyofanya mashine za kale. Vioo vya siku hizo vilimtazama anayevitazama. Vilijua jicho limetua wapi na limekaa kiasi gani. Chekeche ikachukua habari hizo. Pale macho ya watu yalipotua, ikapaacha kama palivyo. Pale yasipotua, ikapatupa, kisha ikapachora upya kwa kubahatisha. Nani atajua kama jani la mpapai kule nyuma ni la kweli au la kubuniwa? Kilichotupwa kiliitwa makapi, na ukurasa uliobaki ulikuwa mwepesi kama unga uliokwisha chekechwa.

Alasiri hiyohiyo alikuja Mzee Chande, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Mkewe, Bi Tunu, alikuwa amefariki mvua za vuli zilizopita. Binti yao Mwanahawa alikuwa fundi wa mitambo Mwezini, na huko alikuwa amezaa mtoto wa kike akampa jina la bibi yake. Tunu mdogo hakuwahi kukanyaga Tanga. Njia ya mawimbi ya kule ilikuwa nyembamba, mawasiliano ya mitambo ya machimbo yakipita kwanza, na ukurasa wa bibi yake ulikwama njiani kila siku.

"Mtoto analijua jina tu," Mzee Chande alisema, akijifuta jasho kwa kofia. "Akiulizwa bibi yako yupi, anaonyesha sufuria. Kila ukifunguka unakomea kwenye sufuria ya wali."

"Sufuria! Bi Tunu angesikia hilo angetucheka wiki nzima."

"Angetucheka." Mzee akatabasamu, kisha akaacha. "Nataka amwone uso, Hidaya. Uso tu."

"Leo atauona, babu."

Akauingiza ukurasa katika Chekeche. Mashine ikauliza kama makapi yahifadhiwe au yatupwe. Yakihifadhiwa, ukurasa ungeendelea kuyaburuta nyuma yake mpaka Mwezini. Hidaya akamfikiria yule mtoto na sufuria yake. Akasema, "Tupa."

Wakapiga simu ya kioo. Sauti za kule zilichelewa kidogo, kama mtu anayemeza mate kwanza.

"Umefunguka!" mtoto akapiga kelele. "Mama, umefunguka wote!" Kisha sauti yake ikawa ya adabu. "Shikamoo, bibi."

Mzee Chande akacheka huku machozi yanamtoka. Ndipo Mwanahawa akasema polepole, "Baba, huyu ni nani?"

Wakaangalia. Vikombe vya kahawa vilionekana mpaka mapengo ya ukingoni. Uzi wa kanga ulionekana. Mikono ya Bi Tunu ikipeta mchele ilikuwapo yote, na kovu la mafuta ya chapati kidoleni. Lakini juu ya mikono ile kulikuwa na uso laini, mzuri, wa mwanamke wa kwenye karatasi ya sabuni. Picha ya pili, uso uleule. Ya tatu, uleule.

Hidaya akaiamuru Chekeche ionyeshe macho ya watu yalikotua. Picha zikajaa vidoa vya mwanga: kwenye kanga, kwenye vikombe, kwenye mkeka, kwenye mikono. Usoni, giza. Mtaa mzima ulikuja kuhani msiba kwenye ukurasa ule, na mtaa mzima ulikuwa umelelewa vizuri. Nani angemkazia macho mke wa Chande, tena marehemu? Kwenye harusi watu walikuja hasa kumkodolea bibi harusi. Hapa walitazama chini, wakamwombea.

"Na wewe, babu? Kila siku unaufungua."

"Mikono," alisema Mzee Chande. "Nilikuwa naitazama mikono. Uso nilikuwa najiwekea, mpaka nipate nguvu."

"Makapi nimeyatupa, babu, na nakala nyingine hakuna. Mimi mwenyewe." Hidaya alisimama mbele yake. "Nisamehe."

"Ulitaka mtoto aone. Hata mimi ndicho nilichotaka." Akamsogezea kiti. "Kaa, mwanangu, usisimame hivyo."

Njia ilikuwa imebaki moja. Chekeche iliweza kuchora upya kwa maneno: mtu akae mbele ya kioo, aeleze, nayo ifuate. Mwanahawa alijaribu wa kwanza, akaishia katikati. "Siwezi. Nikifumba macho namwona huyuhuyu wa kwenye kioo."

Mzee Chande naye akafumba macho. Midomo ikatafuta, kisha akatikisa kichwa.

"Mbona mnalia?" Tunu mdogo aliuliza kutoka mbali. "Bibi anacheka."

Mzee Chande akamgeukia Hidaya.

"Wewe ulikula kwake tangu hujang'oa meno ya utoto. Nianzishie tu, mimi nitaendelea. Uso wake ulikuwaje?"

Hidaya akafungua mdomo. Aliisikia sauti ya Bi Tunu ikimwita ndani. Aliuona upindo wa kanga, miguu yenye vumbi la unga, mkono ukimmegea mkate wa kumimina. Na alijiona mwenyewe, mtoto mwenye adabu, kila alipotoa shikamoo yake, macho kwenye mkeka.

Chekeche ilikuwa tayari, kioo kikiwa cheupe. Mzee Chande alimwinamia, akingoja.