Wimbo wa Lumbesa

Kila akitoka shule, Faudhia hubadili sare, hula haraka, kisha hukaa kwenye kompyuta dukani kwa mama yake, Mwatumu, hapo Misima. Wateja huleta memori kadi, naye huwawekea nyimbo. Mara nyingi kompyuta ilimwuliza kama asasishe programu ya sauti. Akabonyeza "Baadaye". Bando la mama lilikuwa dogo, na Faudhia alilitumia kuangalia vichekesho.

Ijumaa moja mteja alileta kadi yenye wimbo mmoja. Faudhia alipoufungua, haukulia. Skrini ilizima, ikawaka, mafaili yakaanza kujibadili majina yenyewe. Akachomoa waya. Wimbo unawezaje kufanya haya?

Humo ndani mlikuwa na kaswida za madrasa, zilizorekodiwa mwezi mzima kwa ajili ya Maulidi ya Jumatano. Nakala nyingine haikuwepo.

"Umefanya nini?" mama aliuliza.

"Sijui, mama. Imezima tu."

Kesho yake walibeba kompyuta hadi Korogwe, kwa fundi Deogratius.

"Shikamoo," Faudhia aliamkia.

"Marahaba. Haya, mgonjwa anaumwa wapi?"

"Mtoto anasema imezima tu," mama akajibu.

"Haizimi tu, mama. Nisipojua ilianzaje, itabidi nifute kila kitu."

"Na kaswida?"

"Ndiyo zimekwenda."

Mama alikaa kwenye benchi. Faudhia akamtazama, kisha akamgeukia fundi.

"Nilifungua wimbo wa mteja," akasema. "Na programu sijaisasisha tangu mwezi wa tatu. Bando nalimalizia kwenye vichekesho."

"Vichekesho! Na mimi kila siku nalaumu mtandao!"

"Mwache, mama," fundi alisema. "Sasa najua pa kushika."

Alichomoa diski, akautafuta humo wimbo ule, akautenga. Hadi saa tisa alikuwa ameokoa kaswida zote isipokuwa mbili. Kisha akasasisha programu.

"Lakini fundi, wimbo unaharibuje kompyuta?"

"Lumbesa unaijua?"

"Ya mahindi?"

"Hiyo hiyo. Gunia limeandikwa kilo mia, ndani mna mia na hamsini. Kile kipande cha programu kinachofungua mafaili ya sauti kiliamini ukubwa ulioandikwa kwenye wimbo, hakikupima. Kikamimina, data ikazidi nafasi yake, ikamwagika hadi chumba kisichohusika cha kumbukumbu ya kompyuta. Mwizi aliyeutengeneza wimbo ule alikuwa ameficha maagizo yake kwenye hiyo ziada, na kompyuta ikayatii. Waliotengeneza programu waliliona kosa, wakaongeza mizani kwenye sasisho. Wewe ukaikataa."

"Bado sijaelewa vizuri."

"Hata mimi sikuelewa siku ya kwanza. Utaelewa."

Jumapili Faudhia alikwenda mwenyewe kwa mwalimu Sabiri wa madrasa, akaeleza kosa lake na kuomba radhi. Watoto waliimba upya zile kaswida mbili huku wakimzomea kidogo.

Aliporudi nyumbani mama alimwambia, "Mwanangu, tundu lililoonekana huzibwa siku ile ile. Kompyuta iliharibiwa na mwizi, lakini kaswida zilikuwa zinakwenda kwa sababu ya neno lako, 'sijui'. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."