Kinundu Kwenye Mkono wa Mengue

Kila Jumatatu Abomo na binti yake Mengue walishuka hadi mto Nyong kuloweka mihogo. Kila mwanamke wa kijiji alikuwa na kidimbwi chake kwenye matope ya ukingo. Mihogo ilikaa majini siku tatu mpaka ilainike. Kando ya kidimbwi mwenyewe alisimamisha kijiti chenye majani yaliyofungwa fundo. Hilo lilikuwa zindiko. Watu walisema atakayeiba atatokwa na kidonda kitakachomla nyama mpaka mfupa.

Siku moja Abomo alikuwa akimwogesha Mengue, mtoto wa miaka minane. Kidole chake kikagusa kinundu karibu na kiwiko. Kilikuwa kigumu kama punje ya mahindi chini ya ngozi.

"Kinauma?"

"Hakiumi, mama."

Jibu hilo ndilo lililomtia hofu. Jipu huuma. Kisichouma, aliwaza, kimetumwa na mtu. Na wiki hiyo hiyo jirani yao Bilo'a alikuwa amelalamika kwamba mihogo yake imepungua.

"Mengue, niambie ukweli. Uligusa mihogo ya mama Bilo'a?"

"Sikugusa."

"Hata kipande?"

"Kwani sisi hatuna yetu?"

Abomo hakuridhika. Kesho yake aliuliza tena, na siku zilizofuata pia. Alimvalisha mtoto gauni la mikono mirefu ili watu wasione. Wangeona, wangesema nyumba ya mumewe Zibi ni nyumba ya wezi. Akaanza kumtazama Bilo'a kwa jicho la pembeni. Bilo'a akisalimia, Abomo alijiuliza leo ana nini. Akinyamaza, alijiuliza anaficha nini.

Wiki tatu zikapita. Kinundu kikatanuka, kikawa bamba gumu, na mkono ukaanza kukataa kunyooka. Zibi akaona mtoto atapata kilema. Akasema waende kwa Bilo'a, wamwombe alifungue zindiko lake. Wakabeba jogoo, wakaenda na Mengue.

Bilo'a alimtazama jogoo, kisha akamtazama Zibi.

"Shemeji, jogoo wa nini tena? Umekuja kunichumbia mbele ya mkeo?"

Zibi akaeleza, macho chini. Bilo'a akaacha utani. Akaushika mkono wa Mengue, akaupapasa. Kisha akapandisha kitenge chake mpaka gotini. Mguuni palikuwa na kovu pana lililokunjamana.

"Hili nalo lilianza na kinundu kama hiki. Na mimi nilimwibia nani?" akauliza. "Miezi mitano nilijifungia ndani nikiuficha mguu huu, kwa kuogopa midomo yenu. Mihogo yangu ilizolewa na mto ulipofurika, nimeshajua. Jogoo mrudisheni bandani. Mtoto mpelekeni zahanati leo hii."

Pale zahanati, muuguzi Assomo hakuuliza habari za wizi. Aliuliza kinundu kilianza lini. Akachukua majimaji kwa sindano nyembamba, yakapelekwa maabara. Majibu yaliporudi akawaita. Ulikuwa ugonjwa wa kidonda cha Buruli. Unaletwa na bakteria, akawaeleza, na bakteria hao hutoa sumu inayoua nyama na kuzima maumivu. Ndiyo maana hakiumi.

Abomo bado alitaka mkosaji. "Basi ni wale wadudu wa majini. Wanatuuma kila tukitoa mihogo."

"Hata wataalamu wanawashuku," Assomo akasema. "Bakteria wameonekana kwenye miili yao. Katika nchi moja ya mbali, ushahidi dhidi ya mbu ni mzito. Lakini huku kwetu bado haijathibitika. Huenda bakteria hupita kwenye mkwaruzo tu, ukiwa kwenye maji na matope. Kukutwa karibu na mihogo si kuiba, mama Mengue."

Abomo akainamisha kichwa.

Assomo akawaambia wasingoje mpaka mdudu akamatwe. Mtoni wavae nguo za kufunika mikono na miguu. Mkwaruzo uoshwe kwa maji safi na sabuni, kisha ufunikwe. Walale ndani ya chandarua. Na kila wiki wakague ngozi za watoto. Wakiona uvimbe usiouma, wasiufiche, waje siku hiyo hiyo.

Mengue alimeza dawa kila siku kwa wiki nane, bila kuruka hata siku moja. Katikati ya matibabu ngozi ilifunguka, kikatoka kidonda kidogo. Abomo alitishika, lakini Assomo alikisafisha na kukifunga mpaka kikapona. Kila asubuhi Mengue alikunja na kunyoosha mkono kama alivyofundishwa. Huko mtoni, Bilo'a sasa aliwaonyesha wanawake kovu lake bila haya, na wao wakawa wanakaguana viwiko na magoti kabla ya kuingia majini.

Siku ya dawa ya mwisho, njiani kurudi nyumbani, Abomo alisimama.

"Mwanangu, nilikuuliza mara nyingi kama umeiba. Kilianza lini, sikukuuliza hata mara moja. Nisamehe."

"Mara tisa, mama," Mengue akasema. "Nilihesabu."

Kisha akaunyoosha mkono wake wote, ukanyooka mpaka ncha za vidole, akaushika mkono wa mama yake.