Korodani Iliyochelewa Kushuka

Kwi, kwi, kwi. Boaz alikisikia kilio kile akiwa bado nje, mkono ukiwa kwenye komeo. Akadhani ni mwanawe. Alipofungua mlango, akamkuta mtoto amelala fofofo. Aliyekuwa akilia ni Aneth, mkewe, beseni la maji moto likiwa mbele yake.

Boaz alikuwa ametoka kazini kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, hapo Runzewe. Vumbi lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Mama Bujiku, kuna nini?"

Aneth akafuta macho kwa pindo la khanga. "Kitovu kilipokatika juzi, kiliangukia uume wa mtoto. Niligeuka tu kuchukua nepi. Leo namwogesha, naona mfuko wa korodani upande mmoja hauna kitu. Nimemkanda kwa maji moto, wapi. Nimemharibu mwanao, Baba Bujiku. Huyu hatazaa."

Boaz aliijua imani hiyo tangu utoto: kitovu kikimwangukia mtoto wa kiume huko, uanaume wake umekwisha. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Wewe ulikuwa wapi?"

Aneth akainamisha kichwa. Boaz akamwona alivyokonda tangu ajifungue, akajuta. Akachuchumaa, akamshika mkono.

"Nisamehe. Twende kwa dada Philomena."

Philomena, jirani yao, alikuwa muuguzi wa zahanati. Aliwasikiliza hadi mwisho. Hakuwacheka. Kisha akakumbatia kikombe cha chai ili viganja vipate joto.

"Mikono ya baridi huzifanya korodani zijifiche," alisema. Akampapasa mtoto taratibu kinenani. "Hii hapa. Gusa, shemeji. Ni kama punje ya karanga."

Boaz akagusa. "Imefikaje huko?"

"Haijapanda, bado haijashuka. Korodani huumbwa tumboni. Mtoto akikaribia kuzaliwa, huteremka hadi kwenye mfuko. Hii moja imechelewa njiani."

"Na kitovu?" aliuliza Aneth kwa sauti ndogo.

"Kitovu kilikuwa njia ya chakula na hewa kutoka kwako. Kikikauka, ni bua la mahindi baada ya mavuno. Bua likimwangukia mumeo, atashindwa kuzaa?"

Aneth akacheka huku machozi yakimtoka.

"Sasa korodani si zingebaki tumboni, zikasitirika?" Boaz aliuliza.

"Tumboni kuna joto. Kijana akibalehe, korodani hutengeneza mbegu za uzazi, na mbegu hazitaki joto. Ndiyo maana mfuko unaning'inia nje. Ukisikia baridi, hujikunja. Ukisikia joto, hulegea. Korodani pia hutoa homoni inayoleta ndevu na sauti nzito."

"Na mbegu hupita wapi?"

"Kwenye mirija miwili, hadi karibu na kibofu. Hapo tezi dume na tezi nyingine huongeza majimaji, yote yakawa shahawa, yakatoka kupitia uume. Mkojo nao hutokea njia hiyo hiyo, ila si kwa wakati mmoja."

"Kumbe nimebeba mtambo miaka yote hii," alisema Boaz, "na mimi najisifu kwamba najua mitambo."

"Acheni maji moto, acheni dawa za mitaani," Philomena akasema. "Nyingi hushuka zenyewe. Akifika miezi sita bado, mpelekeni hospitali. Ikiachwa huko juu, inaweza kushindwa kutengeneza mbegu, hata kupata saratani ukubwani."

"Wabeja, dada," Aneth akashukuru kwa Kisukuma.

Miezi sita ikatimia, korodani haikushuka. Boaz akaomba ruhusa kazini, wakapanda basi wote watatu hadi hospitali kubwa. Kabla Bujiku hajatimiza mwaka, daktari alimfanyia upasuaji mdogo. Kidonda kilipopona, wakarudi kuangaliwa. Daktari akamwita Aneth ashuhudie: korodani mbili, zote mahali pake.

Aneth alimkumbatia mwanawe. Boaz akawasogelea, akaushika mguu mdogo wa mtoto.

"Bujiku, mwanangu," alisema. "Mimi hakuna aliyenieleza mwili wangu, ndiyo maana nilimlaumu mama yako. Siku sauti yako itakapoanza kukwaruza, nitakaa nawe nikueleze kila kiungo kwa jina lake. Nakuahidi, mama yako akinisikia."